Zamu za gofu zisiachiwe walanguzi

Saa 12 kamili asubuhi jijini Los Angeles, Marekani, kompyuta ya idara inayosimamia viwanja vya gofu vya jiji hufungua nafasi za kucheza kwa siku ya tisa inayofuata. Kwa mwenye kadi ya mchezaji inayotolewa na jiji, hiyo ndiyo saa ya kukaa mkao wa kula. Katika viwanja vinavyopendwa kama Rancho Park, au Wilson na Harding vilivyomo ndani ya bustani kubwa ya Griffith Park, nafasi za asubuhi ya Jumamosi huweza kwisha kabla mtu hajamaliza kuandika jina lake. Mwanzoni mwa mwaka 2024 wachezaji wa kawaida walichoka kunyamaza. Walionyesha hadharani kwamba nafasi zile zile zilizosemekana zimekwisha zilikuwa zikitangazwa na watu binafsi kwenye makundi ya simu, kwa nyongeza ya makumi ya dola juu ya ada halali ya jiji.

Msomaji wa ukurasa huu anaweza kuuliza, gofu inamhusu nini mtu wa mahindi, kahawa na ng'ombe wa maziwa? Hapa kwetu gofu imezoeleka kuwa mchezo wa wanachama wa klabu kama Gymkhana, na asiye mwanachama huishia kuuona kwa nje ya uzio. Lakini huko Marekani na Scotland vipo viwanja vingi ambavyo ni mali ya mji au jimbo, vilivyojengwa na kutunzwa ili fundi bomba, mwalimu na mstaafu wacheze kwa bei wanayoimudu. Swali la nani apate nafasi katika uwanja wa namna hiyo ni swali lile lile la nani apate mbolea ya ruzuku, nani apate maji ya mfereji wiki ya kupanda, na nani apate kizimba kwenye soko la manispaa. Mali ni ya umma, bei imeshushwa kwa makusudi, na wanaoitaka ni wengi kuliko iliyopo. Hapo ndipo mlanguzi anapozaliwa, awe Los Angeles au kwingineko.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mjadala huu hugeuka kelele. Zamu ya kuanza ni saa na dakika ambayo kikundi chako kinaruhusiwa kupiga mpira wa kwanza. Kikundi kamili kina watu wanne. Kati ya kikundi na kikundi huachwa dakika nane hadi kumi, la sivyo wachezaji wanarundikana njiani na mipira inawapita watu vichwani. Mzunguko wa mashimo 18 katika uwanja uliojaa huchukua saa nne na nusu, wakati mwingine tano. Siku fupi za Desemba, Los Angeles hupata mwanga kwa saa kama 10 hivi. Ukitoa saa nne na nusu za kikundi cha mwisho kumaliza kabla ya giza, zinabaki saa tano na nusu za kuanzisha watu. Kwa kila dakika kumi hivyo ni vikundi 33, yaani wachezaji 132. Siku ndefu za Juni zina mwanga wa saa 14, na hesabu hiyo hiyo inakupa vikundi 57, watu 228. Huo ndio mwisho. Jiji lina viwanja saba vya mashimo 18 pamoja na vidogo kadhaa, kwa wakazi wanaokaribia milioni nne. Huwezi kulima zamu nyingine usiku.

Sifa ya pili ya bidhaa hii ndiyo inayomvutia zaidi mchumi wa kilimo: inaoza. Nyanya ikikosa mnunuzi leo, kesho huuzwa kwa nusu bei, na maziwa yakikosa soko asubuhi yanaweza kugandishwa jioni. Zamu ya saa 1:40 asubuhi ikipita bila mtu haina mtindi wake. Imekwenda, na gharama ya kukata nyasi, kumwagilia na kulipa wafanyakazi imeshaingia. Kwa hiyo mgawaji ana kazi mbili zinazovutana. Atoe nafasi kwa haki, na pia ahakikishe hakuna inayolala bure. Wengi wanaolalamika huangalia kazi ya kwanza tu. Wakuu wa viwanja, kwa upande wao, wakishaona uwanja umejaa wanahesabu kazi imekwisha, kana kwamba si kazi yao kuuliza umejaa nani.

Sasa tuje kwenye bei. Jiji limeweka ada ambayo iko chini ya kile ambacho wengi wangekubali kulipa Jumamosi saa 2 asubuhi. Limefanya hivyo kwa sababu nzuri. Tofauti kati ya ada hiyo na ile ambayo mwenye fedha angetoa ni kama zawadi ambayo umma unawapa wananchi wake. Zawadi ikiachwa mezani bila jina la mwenyewe, ataichukua aliye karibu na meza. Los Angeles karibu na meza maana yake ni mwenye vidole vyepesi, mwenye simu tano, mwenye jamaa kumi waliokubali majina yao yatumike, au mwenye programu ya kompyuta inayobonyeza haraka kuliko binadamu. Mlanguzi hakuleta uhaba. Uhaba ulikuwepo kabla yake. Alichofanya ni kuhamisha ile zawadi kutoka mfuko wa mstaafu kwenda mfuko wake.

Wapo watakaosema basi mwache, huyo ni dalali kama madalali wengine, anawaunganisha mwenye shida na mwenye bidhaa. Hatukubaliani nao. Dalali wa mahindi anayekwenda Kibaigwa hubeba hatari: amenunua mzigo, amelipa gari, na bei ikianguka anaumia. Mlanguzi wa zamu, kwa utaratibu uliokuwapo Los Angeles hadi mapema mwaka 2024, hakubeba chochote. Kushika nafasi kulikuwa bure na kuiachia kulikuwa bure. Alishika nyingi kadiri alivyoweza, akatafuta wateja, na zile zilizokosa mteja akaziachia dakika za mwisho, wakati mkazi wa kawaida ameshapanga mambo mengine. Akipata mteja, huifuta nafasi kwa jina moja na kuishika tena papo hapo kwa jina la mteja, kwa kuwa yeye peke yake anajua ni sekunde gani itarudi sokoni. Biashara isiyo na hatari kwa mfanyaji huwa na hatari kwa mtu mwingine, na hapa aliyeumia ni uwanja wenyewe unaobaki na mapengo, pamoja na mchezaji aliyeambiwa pamejaa.

Aprili 2024 jiji lilianza kwa majaribio kutoza amana ya dola 10 kwa kila mchezaji wakati wa kushika nafasi, amana isiyorudishwa ila huhesabiwa ndani ya ada siku ya kucheza. Ni hatua ya maana na tunaipongeza. Lakini hebu tuipime kwa kalamu. Tuseme mlanguzi anaongeza dola 30 kwa kila mtu. Kikundi cha wanne kinampa faida ya dola 120. Zamu isiyopata mteja inamtia hasara ya amana nne, yaani dola 40. Akiuza zamu moja na kupoteza tatu, amekula 120 na kutema 120, hajapata wala hajakosa. Akiuza mbili kati ya nne ameshapata faida. Kwa uwanja ambao watu wanapigania Jumamosi, mlanguzi anayeshindwa kuuza hata moja kati ya nne hajui kazi yake. Kwa maneno mengine, amana ya dola 10 inamfukuza mlanguzi mzembe na kumbakiza hodari. Inasaidia zaidi kuzuia wale wanaoshika nafasi na kusahau kuja, na kwa tatizo hilo ni dawa nzuri.

Ingefaa hapa kutazama wengine wamefanyaje, na mfano wa kwanza uko upande wa pili wa nchi hiyo hiyo.

Bethpage ni hifadhi ya jimbo la New York iliyoko Farmingdale katika kisiwa cha Long Island. Ina viwanja vitano vinavyoitwa kwa majina ya rangi, na ule mweusi, Bethpage Black, ulifunguliwa mwaka 1936, ukiwa sehemu ya kazi za umma za kuwapa ajira watu waliokuwa wameishiwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Mwaka 2002 mashindano ya wazi ya Marekani yalifanyika hapo na Tiger Woods akashinda. Yakarudi mwaka 2009. Mashindano ya PGA yakaja mwaka 2019, na Septemba 2025 Kombe la Ryder. Uwanja huo mgumu, wenye kibao maarufu pale mwanzo kinachowaonya wasio hodari wajifikirie, unabaki wa umma. Mkazi wa jimbo hulipa nusu ya ada ya mgeni au chini ya hapo, na hupewa siku nyingi zaidi za kushika nafasi kabla ya mgeni kuruhusiwa.

Umaarufu wa Bethpage lakini ni ile sehemu ya kuegeshea magari. Baadhi ya zamu, hasa za mapema asubuhi, huachwa kwa wanaofika wenyewe bila kushika nafasi. Basi watu hufika jioni ya jana yake, huegesha kwenye sehemu zilizopigwa namba, na kulala ndani ya magari. Alfajiri mfanyakazi hupita akigawa tiketi kwa mpangilio wa namba. Ipo desturi nzima hapo: majiko ya kuchomea nyama, viti vya kukunja, watu wasiojuana wakigawana bia na uongo kuhusu mipigo yao. Mtu asiyependa gofu huona wazimu mtupu. Mchumi anaona bei. Watu wale wanalipa, ila hawalipi kwa noti, wanalipa kwa usingizi.

Foleni ya namna hiyo ina uzuri mmoja ambao kompyuta ya Los Angeles haina: haiuziki kirahisi. Lazima mwili wako uwepo. Mlanguzi hawezi kulala katika magari kumi kwa usiku mmoja. Lakini ina ubaya wake, na ubaya huo husahauliwa na wanaosifu foleni kuwa ndiyo haki ya mnyonge. Kwanza, usingizi haulingani bei kwa watu wote. Muuguzi wa zamu ya usiku hawezi kulala Farmingdale, wala mama mwenye watoto wadogo. Kijana asiye na kazi anaweza. Pili, dola inayolipwa kwa mlanguzi angalau inamfikia mtu fulani, lakini saa kumi za kulala kwenye kiti cha gari hazimfikii mtu yeyote. Zinapotea hewani. Anayewafahamu wakulima waliowahi kulala nje ya ghala wakisubiri lori la mbolea anajua tunazungumzia nini: siku mbili za palizi zimekwenda na hazikuingia katika hesabu ya mtu.

Mfano wa pili ni wa zamani zaidi, na kwa wasomaji wa ukurasa wa kilimo una utamu wa pekee kwa sababu umeingiliwa na sungura.

Mji wa St Andrews, pwani ya mashariki ya Scotland, una ardhi ya mchanga na nyasi kando ya bahari ambayo tangu zamani ilikuwa ya watu wa mji. Walichunga hapo, walianika nguo hapo, na walicheza gofu hapo. Hati ya askofu mkuu John Hamilton ya mwaka 1552 inakubali haki ya wakazi kucheza gofu kwenye ardhi hiyo, huku yeye akijibakizia haki ya kufuga sungura humo humo. Mbegu ya ugomvi ikawa imepandwa. Mwishoni mwa karne ya 18 baraza la mji liliishiwa fedha, na mwaka 1797 ardhi ikaanza kutoka mikononi mwake. Ikaangukia kwa wafanyabiashara wa sungura. Sungura walichimba, wakala nyasi, na kutoboa mashimo mengi kuliko yale 18 yanayotakiwa. Wachezaji walikwenda mahakamani, na wakazi wengine hawakusubiri mahakama, wakawaua sungura. Ugomvi ulichukua zaidi ya miaka 20. Mwaka 1821 mwenye shamba jirani, James Cheape wa Strathtyrum, mpenda gofu mwenyewe, aliinunua ardhi na gofu ikapona. Sheria ya Bunge ya mwaka 1894 ndiyo iliyouwezesha mji kuirudisha mikononi mwa umma, na sheria nyingine ya mwaka 1974 ikaunda dhamana inayoisimamia hadi sasa.

Tumeieleza habari hiyo kwa urefu kwa sababu inaonyesha haki ilitangulia bei. Sungura walikuwa na soko: nyama inaliwa na ngozi inauzwa. Kwa hesabu ya pato la mwaka kwa ekari, huenda mfuga sungura alikuwa sahihi. Lakini watu wa St Andrews walisema ardhi ile ina kazi nyingine ambayo haimo kwenye daftari la mfugaji, wakaing'ang'ania karibu miaka mia, na leo uchumi wa mji wao unasimama juu yake.

Uwanja wa zamani wa hapo, Old Course, ndio unaotamaniwa kuliko wote duniani. Mwaka 2024 ada ya mgeni msimu wa kiangazi ilipita pauni 300 kwa mzunguko mmoja, wakati mkazi mwenye tiketi ya mwaka hulipa mamia machache ya pauni kwa mwaka mzima wa kucheza. Pamoja na ada hiyo kubwa, wanaotaka bado ni wengi kuliko zamu. Sehemu ya nafasi hutolewa kwa bahati nasibu. Kikundi hupeleka majina kabla ya saa 8 mchana siku mbili kabla ya kucheza, kura inachezeshwa, na jioni majina hutangazwa. Jumapili kwa kawaida uwanja hupumzika na kuwa bustani ya watu kutembea na mbwa wao, jambo ambalo meneja yeyote wa mapato angeliona dhambi. Mchezaji aliyekuja peke yake zamani alipanga foleni ya usiku nje ya jengo la kuanzia, kama wale wa Bethpage, akitumaini kuunganishwa na kikundi chenye pengo. Tangu 2024 foleni hiyo imefutwa; mchezaji wa peke yake hufika mwenyewe siku moja kabla, hujiandikisha, na kura hupigwa.

Kura haili usingizi wa mtu. Haijali una simu ngapi. Na kwa kuwa jina lililoingia kwenye kura ndilo linaloitwa uwanjani, mlanguzi hana cha kuuza. Udhaifu wake ni kwamba msafiri hawezi kupanga tiketi ya ndege kwa kutegemea kura ya kesho kutwa, na ndiyo maana St Andrews huacha nafasi nyingine ziuzwe mapema kwa bei ya juu zaidi kupitia mawakala walioruhusiwa na hoteli. Hilo limewakera baadhi ya watu, lakini sisi hatuoni kosa. Fedha ya tajiri anayetaka uhakika inaingia kwenye mfuko wa dhamana, inakata nyasi, na kumpunguzia mkazi tiketi yake. Ni tofauti kubwa na fedha ile ile ikiingia kwenye simu ya mtu asiyejulikana.

Sisi Tanzania tulishapita njia hii kwa bidhaa nyingine. Mpango wa vocha za pembejeo ulioanza mwaka 2008 ulimpa mkulima wa mahindi au mpunga karatasi yenye thamani ya karibu nusu ya bei ya mbolea na mbegu. Nia ilikuwa njema na mavuno yaliongezeka sehemu nyingi, lakini malalamiko ya vocha kuuzwa kwa wakala kwa bei ya kutupa, au kuishia kwa wasiostahili, yalisikika kila msimu. Ruzuku iliporudi mwaka 2022, ikishusha mfuko wa kilo 50 wa DAP hadi shilingi 70,000, serikali ilianza kwa kumwandikisha mkulima mmoja mmoja kwa namba na ukubwa wa shamba. Matatizo hayakwisha, foleni zilikuwepo na mitandao iligoma, ila mwelekeo ulikuwa sahihi: ruzuku ikae na mtu, isikae na karatasi. Mbolea ina shida moja zaidi ya zamu ya gofu, maana mfuko unaweza kufichwa stoo ukauzwa mwezi ujao au kuvushwa mpaka. Zamu haihifadhiki. Kwa hiyo Los Angeles, ukweli ni kwamba, ina kazi rahisi kuliko Wizara ya Kilimo, na haina kisingizio.

Tukirudi huko, tungeshauri hivi. Jina liwe ndiyo mali. Aliyeshika zamu aonyeshe kitambulisho dirishani, na wenzake watatu nao watajwe mapema, angalau siku mbili kabla. Anayebadilisha majina yote manne arudishe zamu nzima kwa jiji. Amana ipandishwe iendane na faida ya mlanguzi na siyo na huruma ya diwani. Dola 10 ziwe 20 au 25 kwa mwisho wa wiki, lakini zirudishwe zote kwa anayeiachia nafasi mapema, ili mkazi aliyeuguliwa na mtoto asiadhibiwe kwa kosa la mwingine. Mlanguzi pia ataziachia mapema zile alizokosa kuuza, na hilo ndilo tunalolitaka, kwa sababu zinarudi wakati bado mtu anaweza kupanga.

Nafasi iliyoachiwa isirudi sokoni sekunde ile ile. Ikae kwenye kapu, kisha ifunguliwe kwa saa isiyojulikana, au bora zaidi igawiwe kwa kura kati ya waliojiandikisha kuisubiri. Hilo peke yake linavunja ule mchezo wa kufuta na kushika papo hapo, na gharama yake ni mistari michache ya programu. Na kwa zile asubuhi za Jumamosi na Jumapili zinazogombewa, tusidanganyane kwamba mbio za saa 12 asubuhi ni usawa. Nusu yake ipigiwe kura kama St Andrews. Sehemu ndogo iachwe kwa wanaofika wenyewe, kwa sababu yupo mzee asiyetaka kujua simu na ana haki zake. Zinazobaki ziende kwa utaratibu wa sasa.

Kuhusu kupandisha bei hadi foleni iishe yenyewe, tunajua wachumi wenzetu wengi wangeanzia hapo. Kwa mgeni tunakubali. San Diego, mji wa jirani, unamtoza mgeni wa Torrey Pines mara kadhaa ya mkazi, katika uwanja uliokwisha kuandaa mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 2008 na 2021, na wageni bado wanapanga mstari. Kwa mkazi hapana. Ukimpandishia hadi foleni iishe utakuwa umeondoa uhaba kwa kuwaondoa watu, na uwanja wa umma unaotoza kama wa binafsi hauna sababu ya kuwa wa umma. Rancho Park walikwisha kucheza mabingwa. Arnold Palmer mwaka 1961 alimaliza shimo moja hapo kwa mipigo 12 na kibao kikawekwa kukumbuka aibu hiyo. Siku iliyofuata mashindano, mtu wa kawaida aliweza kulipa ada ya jiji na kupiga mipigo 12 yake.

Hatari iliyopo ni kubwa kuliko Jumamosi iliyokosekana. Uwanja wa mashimo 18 hukalia kama ekari 150, katikati ya mji ambao nyumba ni ghali na watu wanalala kwenye mahema barabarani. Katika Bunge la California uliletwa mswada, AB 1910, wa kuzipa fedha serikali za mitaa zitakazokubali kugeuza viwanja vyao vya gofu kuwa makazi ya bei nafuu. Ulikufa mwaka 2022 kabla ya kupigiwa kura ya mwisho. Wachezaji wa gofu waliupinga kwa hoja kwamba viwanja hivyo ni vya wananchi wote. Hoja hiyo ina nguvu kadiri mwananchi yeyote anavyoweza kweli kupata zamu.

Kwa hiyo idara ya Los Angeles ianze na jambo lisilohitaji amana wala kura. Ichapishe kila mwezi, kwa kila uwanja, ni zamu ngapi zilishikwa katika dakika ya kwanza baada ya saa 12 asubuhi, ngapi kati ya hizo zilifutwa na kushikwa upya chini ya dakika moja, na kadi ngapi ndizo zilizofanya hivyo. Takwimu hizo zimo tayari ndani ya kompyuta yake.